Mzazi, jaza fomu ya chakula: ni haki ya mwanao

Kila mwezi wa nane, shule nyingi za Marekani zinapofungua mwaka mpya, wazazi hupewa fomu ya kuwaombea watoto chakula cha bure au cha bei nafuu. Na kila mwaka nawaona wazazi wetu wanaozungumza Kiswahili wakiipokea kwa adabu, wakiikunja na kuitia kwenye mkoba, na fomu hairudi tena. Nina neno moja la kuwaambia, na nalisema kwa moyo wangu wote: ijazeni. Mtoto anayestahili sahani ya chakula asiikose kwa sababu mzazi wake aliona haya au aliogopa karatasi.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma. Siku hizi naishi jimbo la Iowa, na kazi yangu ni ukalimani shuleni. Wazazi ninaowatafsiria wengi ni Wakongo na Warundi waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu, wilayani kwetu, kabla ya kuletwa huku. Wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, maghala na hoteli, wengine zamu ya usiku. Ni watu wenye bidii, na watoto wao wanasoma vizuri. Ndiyo maana naumia ninapoona mtoto wa mmoja wao amesimama mbele ya keshia wa kafeteria, trei mkononi, akaambiwa akaunti yake ina deni.

Tuanze na mambo yalivyo. Mpango wa chakula cha mchana shuleni una sheria yake tangu mwaka 1946, ulipotiwa saini na Rais Harry Truman. Serikali kuu huilipa shule fedha kwa kila sahani inayotolewa. Familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini, watoto wake wanakula bure. Ikiwa kipato kipo kati ya asilimia 130 na 185, wanalipa bei nafuu, na sheria ya serikali kuu inasema bei hiyo isizidi senti 40 kwa chakula cha mchana na senti 30 kwa kifungua kinywa. Wengine wanalipa bei kamili inayopangwa na shule, ambayo mara nyingi ni kama dola tatu. Piga hesabu ya watoto wanne kwa siku 180 za masomo: ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka. Kwa familia ya mshahara wa saa, hiyo ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima na zaidi.

Kuna watoto ambao wazazi wao hawahitaji kujaza chochote. Shule zenye familia nyingi za kipato cha chini zinaruhusiwa kuwalisha wanafunzi wote bure bila fomu. Tena mtoto ambaye nyumba yao inapata msaada wa chakula wa SNAP, ule watu wetu wanaouita fudistampu, huingizwa moja kwa moja kwenye orodha ya wanaokula bure, kwa sababu ofisi za serikali zinapeana majina. Kwa miaka mingi njia hii ndiyo iliyowabeba wakimbizi wapya. Walipofika tu walipata SNAP, na watoto wakala shuleni bila mzazi kushika kalamu.

Njia hiyo sasa imezibwa kwa wengi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkimbizi haruhusiwi hata kuomba grinikadi kabla ya kumaliza mwaka mmoja nchini, kisha asubiri ijibiwe. SNAP ikikatika, mwaka wa shule unaofuata jina la mtoto nalo linatoka kwenye ile orodha ya moja kwa moja. Lakini haki yake ya kula shuleni haikuguswa! Mtoto yeyote mwenye haki ya kusoma shule ya umma anaweza kuombewa chakula hiki, awe na hati gani au asiwe nayo. Kinachomfikisha kwenye sahani sasa mara nyingi ni ile fomu, na mzazi aliyezoea mambo kujiendea yenyewe hana habari.

Jambo jingine: watu wetu wengi wanahama katikati ya miji na kwenda vitongojini, ambako nyumba ni kubwa na shule zinasifiwa. Wanatoka shule inayolisha wote bure na kuingia shule inayodai fomu. Mama anashangaa deni limetoka wapi, wakati mwaka jana hakulipa hata senti. Hakuna aliyekaa naye chini akamweleza tofauti.

Sasa niseme juu ya aibu, maana naijua. Kwetu Kigoma wazazi huchanga mahindi na maharage ili watoto wapate uji na makande shuleni. Asiyechanga hutajwa kwenye mkutano wa wazazi, na jina lake hubaki midomoni mwa watu. Mzazi aliyekulia katika desturi hiyo, akiletewa karatasi inayouliza kipato chake, anaona anatakiwa kukiri umaskini mbele ya walimu. Baba mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, mimi nafanya kazi, sikuja huku kuombaomba." Nikamjibu kwamba kila malipo yake ya mshahara yanakatwa kodi, na kodi hiyo ndiyo inayonunua maziwa na tofaa kwenye trei. Chakula hicho kinalipiwa na wote, naye yumo. Tena kanuni zinakataza kumtambulisha mtoto anayekula bure. Foleni ni hiyohiyo, trei ni ileile, na namba anayobonyeza kwa keshia haina alama yoyote. Anayetambulika mbele ya wenzake ni mtoto mwenye deni.

Kuna pia woga. Wazazi wanauliza: nikiandika majina yetu, karatasi itakwenda wapi? Fomu haiulizi uraia wala kibali cha kuishi. Inaomba tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, ile tunayoiita sosho, ya mtu mzima anayetia saini, na asiyekuwa nayo anaweka alama kwenye kisanduku kinachosema hana. Hilo halimnyimi mtoto chakula. Ukiwa bado na wasiwasi, muulize mwanasheria wa shirika la wahamiaji. Usimuulize jirani aliyesikia kwa jirani.

Lakini mahali ambapo familia zetu zinapoteza zaidi ni kwenye hesabu ya watu wa nyumbani, na hapo naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka jana nilikaa mezani na baba wa kiwanda cha nyama aliyeleta barua ya kukataliwa. Alikuwa ameandika kwamba nyumbani wapo watu wanne. Nikamwomba anitajie kila aliyelala nyumbani kwake jana usiku. Akaanza: yeye na mkewe. Watoto wanne wanaosoma. Kichanga. Mama yake mzazi. Na mtoto wa marehemu dada yake, kijana wa miaka 19 ambaye bado hajapata kazi. Jumla tisa, wote wakila chungu kimoja. Mbona uliandika wanne? "Nilidhani wanataka wanaosoma."

Tazama tofauti iliyopo. Yeye na mkewe kwa pamoja walikuwa wanaingiza dola 68,000 hivi kwa mwaka. Kwa mwaka wa shule 2025/26, familia ya watu wanne ilikula bure ikiwa kipato hakikuzidi dola 41,795, na ilipata bei nafuu mpaka dola 59,478. Kwa watu wanne, basi, alikuwa juu ya vyote viwili. Kwa watu tisa, kiwango cha kula bure kilikuwa dola 77,545. Watoto wake walistahili kula bure tangu siku ya kwanza! Shule haikumdhulumu, ilisoma alichoandika. Lakini swali la idadi ya watu hakulielewa, akajiacha yeye mwenyewe na mkewe, tena bibi, kichanga na mpwa. Kanuni inahesabu kila mtu anayeishi nanyi na kushiriki mapato na matumizi, awe ndugu wa damu au asiwe. Mwandikeni bibi. Mwandikeni mpwa. Mwandikeni mtoto aliyezaliwa juzi. Tulijaza fomu mpya palepale, kwa sababu inaruhusiwa kuomba wakati wowote wa mwaka wa shule, na hali ya familia ikibadilika unaweza kuomba tena.

Mambo mengine ni mepesi. Jaza fomu moja kwa nyumba nzima, usijaze moja kwa kila mtoto. Andika mshahara kabla ya makato, na useme unalipwa kila wiki, kila wiki mbili au kila mwezi, kwa sababu dola 900 za wiki na dola 900 za mwezi ni maisha mawili tofauti. Kisha utie saini, maana fomu isiyo na saini haishughulikiwi. Ukikataliwa na unaona si haki, una ruhusa ya kukata rufaa. Wizara ya Kilimo ya Marekani, inayosimamia mpango huu, ina nakala ya fomu kwa Kiswahili, kwa hiyo iombeni shuleni bila kusita.

Na jihadharini na mwezi wa kumi. Mtoto aliyekula bure mwaka uliopita anaendelea kwa siku 30 za kwanza za masomo hata kama fomu mpya haijaletwa. Mzazi akiona mtoto anakula, anadhani mambo yamekwisha. Siku hizo zikipita, mnamo mwezi wa kumi, deni linaanza kupanda kimyakimya. Vilevile kila mwaka shule huchagua fomu chache na kuandika barua kuomba uthibitisho wa kipato. Barua hiyo ikitupwa pamoja na matangazo ya maduka, watoto wanaondolewa kwenye mpango. Barua yoyote yenye jina la shule, ileteni kwa mtu anayeweza kuisoma.

Wapo watakaosema, mimi nampakia mwanangu chakula cha nyumbani. Hilo ni jema, na mzazi Mwislamu asiyetaka nguruwe, au mtoto aliyezoea ugali na sombe, ana sababu nzuri. Lakini kukubaliwa hakumlazimishi mtoto kula kila siku. Kunamwekea akiba kwa siku ile umetoka zamu ya usiku na hukupata nafasi ya kupika. Tena mtoto aliyekubaliwa anaweza kusamehewa ada ya mtihani wa SAT wa kuingia chuo. Na kwa shule nyingi, idadi ya watoto hao ni moja ya vipimo vinavyotumika kugawa fedha za serikali. Fomu ya mwanao inaweza kumsaidia hata mtoto wa jirani aliyekaa naye darasani.

Mimi mwenyewe naamini sahani ya shuleni isingepaswa kudai fomu kabisa. Kuanzia Machi 2020 mpaka Juni 2022, wakati wa korona, serikali kuu iliziruhusu shule kuwalisha watoto wote bure, na shule zilimudu. Majimbo ya California na Maine yakaendelea kwa sheria zao, kisha Minnesota, Colorado, Vermont na mengine. Huko Minnesota, katika mji wa St. Paul, alikuwepo msimamizi wa kafeteria aitwaye Philando Castile, aliyejulikana kwa kutoa pesa zake mfukoni kuwalipia watoto waliopungukiwa. Aliuawa na polisi tarehe 6 Julai 2016. Watu wakachanga fedha kwa jina lake na kulipa madeni ya chakula ya wanafunzi wa mji huo, na mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya chakula bure kwa wote. Mzigo aliokuwa anaubeba mtumishi mmoja kwa mshahara wake sasa unabebwa na jimbo zima, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali.

Mpaka majimbo mengine yafike hapo, shule zina wajibu. Kutuma kiungo cha intaneti kwa Kiingereza kwa mzazi asiyesoma Kiingereza, kisha kusema hakujibu, hakutoshi. Wekeni meza siku ya usajili, mkalimani awepo, na mzazi aondoke fomu ikiwa imejazwa na kusainiwa. Makanisa na misikiti yetu ifanye hivyohivyo Jumapili au Ijumaa moja ya mwezi wa nane. Hakuna ibada itakayopungukiwa kwa dakika ishirini za kuwasaidia wazazi.

Nanyi mnaosoma gazeti hili mkiwa Kigoma, Uvira, Bujumbura au Mombasa, mna sehemu yenu. Ndugu walioko huku huwasikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Mkizungumza kwenye simu, mkishaulizana habari za afya na za mazao, waulizeni kama fomu ya chakula ya watoto imerudishwa shuleni. Na kama bado hawajaijaza, waambieni ndugu zenu, kwa mamlaka ya kaka au shangazi, waijaze wiki hii, na wawahesabu wote waliomo nyumbani.