PF3 zimekwisha, nendeni mkatoe fotokopi

Naandika mkono bado unatetemeka, kwa hiyo, Mhariri, unisamehe nikiropoka. Ijumaa iliyopita usiku, binti wa kaka yangu ninayeishi naye alibakwa akitoka kazini. Ya kwake sitayaeleza. Nitaeleza ya kituoni.

Redio zimetuchosha masikio: usioge, usifue nguo, chukua PF3, ile fomu ya matibabu, polisi, wahi hospitali kabla ya saa 72 upewe dawa za kukinga VVU. Tukafuata yote. Nguo tukazitia kwenye bahasha ya kaki, mtoto wa watu akatoka hajanawa hata uso.

Kaunta palijaa watu, wengine wamekuja kwa ugomvi wa kuku. Afande akauliza, "Shida nini?" Nikainama nimnong'oneze. "Mama, ongea usikike!" Nikasema. Benchi zima likageuka kumtazama binti, naye akaisukumia ile bahasha chini ya kanga. Swali lililofuata: "Saa nne usiku ulikuwa unatoka wapi?"

Nikaulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kibao kinang'aa, mlango una kufuli; mhusika haji wikiendi. Kumbe wabakaji nao hupumzika Jumamosi! PF3 je? Zimekwisha, nendeni mkatoe fotokopi. Na umeme ndiyo hivyo ulikuwa umekatika. Nilizunguka stesheneri tatu hadi nikampata mwenye jenereta, naye akanitoza alivyotaka.

Hospitali wakaikataa fomu kwa kuwa haina muhuri. Tukarudi kituoni, tukaenda tena hospitali. Dawa alizimeza saa kumi na moja jioni. Nesi aliyemfunika shuka ndiye aliyeninong'oneza kwamba ilifaa aanzishiwe dawa kwanza, karatasi zifuate. Mbona mapokezi hawalijui hilo?

Jumatatu mpelelezi akaniomba hela ya mafuta ya pikipiki. Mwenzake, mtu mzima mwenye mvi, akashauri "tuyamalize kifamilia". Tuyamalize vipi? Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ni ya mwaka 1998, na mbakaji kifungo chake hakipungui miaka 30. Hayo, na kwamba ushahidi wa aliyebakwa peke yake unatosha mahakama ikiuamini, niliambiwa na msaidizi wa kisheria wa mtaa wa pili, anayetusaidia bure. Ana daftari moja na simu ya tochi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, lakini pale kituoni hakuna aliyetutajia kwamba watu kama yeye wapo. Nilielekezwa na mama ntilie.

Wanasiasa wetu tutawaona Novemba, kwenye zile siku 16 za kupinga ukatili, wamevaa fulana mpya na kuongozwa na ving'ora. Fulana hizo zingechapisha PF3 ngapi? Hata karatasi tu, jamani!

Leo ni Alhamisi. Mpelelezi bado anasubiri mafuta, na ile bahasha ya kaki iko juu ya kabati langu. Hakuna aliyekuja kuichukua.

Shangazi mtu
(Jina langu na mji wetu usivichapishe, kwa ajili ya binti.)