Mbwa wa kufungwa mchana kutwa si mlinzi bora

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi, mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku ili alinde boma. Wengi huamini kuwa kifungo humfanya awe mkali. Hiyo ni dhana potofu.

Mbwa asiyetembezwa wala kuchezeshwa hujaa woga na hasira. Siku akiponyoka, humng'ata mtoto wa jirani badala ya mwizi. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumfunga mbwa daima bila kumpa mazoezi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Asubuhi na jioni, mwenye mbwa na amtembeze, kisha atenge dakika 10 za mafunzo. Mbwa akiitwa akaja, atuzwe kipande cha nyama papo hapo. Akikosea, asipigwe, bali arudie. Akirushiwa mpira huukimbilia akidhani ni mchezo tu, kumbe anajifunza kutii. Watoto nao hufurahia kujificha wakamwita awatafute. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hata mbwa mzima hufunzika.

Hii si anasa ya matajiri. Mwaka wa 2014, Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Je, mbwa asiyezoea kushikwa atachanjwa vipi? Anayemzoesha mbwa wake kamba leo anamkinga jirani kesho.