Ukifika Mkiwa, usiingie porini mkiwa!

Wiki hii naomba unicheke kwanza, halafu ukimaliza kucheka unisikilize. Maana kimbelembele nilichokwenda kukifanya Mkiwa kingeweza kunipeleka rumande, au pabaya zaidi ya rumande.

Kisa kilianzia kwenye simu. Nina mshikaji wangu wa tangu shuleni, siku hizi yuko Colorado kule Marekani. Kila Septemba jamaa anaingia milimani peke yake siku tano kumwinda elk, mnyama mkubwa mwenye pembe zenye matawi kama mpera, dume lake linapita kilo 300. Mwaka jana alinitumia picha ya vitu vyake vyote vimepangwa sakafuni: hema dogo, jiko la gesi saizi ya ngumi, visu viwili, kamba, mifuko ya kitambaa ya kuwekea nyama, na kifaa cha setilaiti cha kuombea msaada. Chini akaandika: "Begi likifungwa vizuri, mwanaume anajitegemea."

Weee! Msela wa mjini nikapagawa. Nikajisemea, kama yeye anaweza kule kwenye barafu, mimi mwenye mjomba Mkiwa nashindwa nini? Nikaenda Ilala kwenye mitumba, nikanunua begi kubwa la mgongoni, nikaanza kujaza. Kufikia Ijumaa begi lilikuwa na uzito wa mbuzi mzima. Nikadandia basi la Singida, Dodoma ikapita, Manyoni ikapita, konda akapiga kelele, "Mkiwa, wa kushuka!" Nikashuka kama komandoo.

Kwa usiyepajua, Mkiwa ni pale njia panda. Ukinyoosha unakwenda Ikungi na Singida mjini. Ukikata, unashika ile barabara ya Itigi, Noranga, Rungwa mpaka Makongolosi huko Mbeya, kilomita 413. Njiani humo ndimo mnamo vichaka vya Itigi, ambavyo vimeshonana hata ukinyoosha mkono huoni vidole, na mbele zaidi liko Pori la Akiba Rungwa.

Mjomba wangu ni mtu mzima. Ujana wake aliumalizia kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, akibeba mizigo na kufuata nyayo. Sasa anafuga nyuki. Nilimwamkia, akaitikia, akalitazama begi, akanitazama mimi.

"Mjomba, umehama Dar?"

Nikamweleza mpango mzima. Siku tatu porini, peke yangu, bunduki nitaazima kwa jirani, nirudi na pofu. Hakucheka. Alitandika mkeka, akaniambia, "Mwaga vitu vyote hapa."

Nikamwaga. Akauliza, "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani mjomba?"

"Ya mnyama."

Hapo nikabaki mdomo wazi. Kumbe, msomaji wangu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haijui habari ya mjomba wala shangazi. Kuwinda bila leseni ni kosa, na kuingia tu pori la akiba bila kibali ni kosa jingine. Bunduki nayo haiazimwi kama baiskeli. Ipo sheria ya silaha ya mwaka 2015, na leseni ni ya mtu, siyo ya ukoo. Usiku ule nilimpigia mshikaji wa Colorado kumuuliza kama na yeye ana karatasi. Akanishangaa. Akasema kule vibali vingi vinatolewa kwa bahati nasibu, na mwaka mmoja alikosa, akakaa nyumbani akiangalia begi lake. Karatasi ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza, ila haikuonekana kwenye picha!

Mjomba akaendelea na ukaguzi. Akaokota lile koti langu la mabakamabaka, lenye kufanana na la jeshi. Akalikunja, akalikalia. "Hili hutoki nalo hapa." Alikuwa sahihi. Kwetu raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wayasalimishe. Huko Colorado, kipindi cha bunduki sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, ili mwenzake asimdhanie mnyama. Yaani ubishoo wangu wa kujificha ulikuwa kosa hapa, na kule nao usingenisaidia.

Ikafuata suruali yangu ya jinsi, bluu iliyokoza. Mjomba akasema mbung'o watanishukuru. Ni kweli bwana, wale wadudu wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Akanipa suruali yake kuukuu ya kaki.

Biskuti akazitoa, akaweka karanga, michembe na kichupa cha asali. Chakula kisicho na pakiti ya kupiga kelele na kisichotaka maji mengi. Kiberiti akakifunga kwenye mfuko wa nailoni. Jiwembe langu nililobeba kwa ajili ya kuchanja nikiumwa na nyoka akalitupa chooni kabisa! Akasema ukigongwa na kifutu usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Tulia, usiuchezeshe mguu, upelekwe hospitali, na kutoka kwao wao hukimbilia Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Nikamuuliza, "Sasa nikiwa peke yangu nitapelekwa na nani?"

Akanyamaza. Akaleta madumu ya maji.

Msomaji, hapa ndipo hesabu iliponivunja nguvu. Singida mvua ni msimu mmoja tu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba usitegemee kitu, na hii ilikuwa Julai. Ukitembea kutwa juani unataka lita nne kwa uchache, hapo hujapika. Siku tatu ni lita 12. Lita moja ni kilo moja. Mjomba akayafunga maji yote juu ya begi langu, akaniambia nisimame. Nilisimama mara moja, nikakaa mara mbili.

"Na bado hujapata nyama," akasema. "Pofu dume anaweza kupita kilo 700. Ukimwangusha peke yako utakula ini, halafu fisi watakula pofu." Mshikaji alinithibitishia. Elk mmoja, nyama tupu bila mfupa inaweza kufika kilo 90, na yeye huirudia mara nne mlimani mpaka magoti yanalia. Wahenga walishasema, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Sasa sembuse pofu?

Nikadhani somo limeisha. Kumbe kubwa lilikuwa ukutani. Mjomba alinyanyuka akachukua kijikamba kilichoning'inia kwenye msumari mlangoni. Kilikuwa na mafundo manne.

Akaniambia kila anapoingia msituni kwenye mizinga yake, hufunga mafundo kwa idadi ya siku atakazokaa, akamkabidhi shangazi kamba, na kumwambia atashika njia ipi. Kila asubuhi shangazi anafungua fundo moja. Fundo la mwisho likifunguka na jua likazama hajarudi, shangazi anakwenda kwa mwenyekiti, watu wanatoka. Hakuna kubishana, hakuna kusema labda kachelewa.

"Ulijifunzia wapi mjomba?"

"Kwa mdogo wangu."

Huyo mdogo wake alikuwa kijana mwenye nguvu, mjuzi wa pori kuliko yeye. Siku moja aliondoka alfajiri kwenda kuwinda peke yake, bila kibali. Kwa sababu hakuwa na kibali, hakumwambia mtu. Nyumbani walidhani yuko Itigi, Itigi walidhani yuko nyumbani. Walipoanza kumtafuta zilikuwa zimepita siku tisa. Walichopata ni shoka lake na kibuyu kikavu. "Alibeba kila kitu," mjomba akasema, "ila hakuacha neno."

Sikuwa na la kusema tena. Neno mkiwa kwa Kiswahili ni mtu aliyebaki peke yake duniani, na nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili nikawe huyo.

Kesho yake tuliingia msitu wa kijiji, mimi na mjomba, kwenye mizinga. Usiku mmoja. Begi langu lilikuwa na maji, karanga, michembe, kiberiti, tochi, kisu kimoja, blanketi na kitambaa safi cha kufungia jeraha. Basi. Tulipoondoka shangazi alikuwa mlangoni na kamba mkononi, ina mafundo mawili. Nilipiga hatua mia moja nikageuka nyuma. Bado amesimama. Tulirudi kesho yake jioni na ndoo ya asali, akafungua fundo la pili mbele yetu huku anatutania kuwa tunanuka moshi.

Kwa hiyo wewe kijana wa mjini unayepanga kupanda mlima, kutembea nyika au kuwinda kwa leseni yako halali, begi lifunge upendavyo. Ila kabla hujavuta zipu jiulize mambo mawili. Karatasi ninayo? Na kamba yangu nimemwachia nani? Usiseme simu ipo, huko mtandao unakatika wakati wowote na chaji inaisha. Mwachie mtu njia unayopita na siku ya kurudi.

Na yule mshikaji wangu wa Colorado? Nilimsimulia habari ya mafundo. Akakaa kimya, halafu akaniambia mkewe ana karatasi kama hiyo kwenye friji, yenye tarehe na ramani. Nikamwuliza mbona hakuipiga picha. Akasema, "Si haimo kwenye begi!"

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Mwenye asali ya kununua anitafute, ndoo bado ina kilo kadhaa.