Kisanduku hakikujua kuna msiba

Zile wiki mbili ulizonikosa hapa nilikuwa nyumbani Ufipa, kwenye msiba wa babu yangu. Na kabla hujaanza vichekesho vyako, nilikwenda kwa basi, siyo kwa ungo. Hapa Dar ukisema tu kwenu Sumbawanga, washikaji wanakuhamia kiti cha mbali. Tumeshazoea.

Basi lenyewe siku hizi ni kasheshe kwa mwenye haraka. Tumeiacha Tunduma, lami imenyooka, suka kaipita 80 kidogo tu, kile kidude cha LATRA kikaanza: piii, piii, piii. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupayuka, maana nilikuwa nawahi mazishi. "Suka, si ukizime hicho!" Akanijibu bila kugeuka: "Mdogo wangu, nikikizima, kinasema kimezimwa."

Nikafyata. Kumbe kidude kile kina laini ya simu tumboni kama hii ya kwako. Kinasoma satelaiti kijue gari liko wapi na linakimbiaje, halafu kinaripoti chenyewe kwenye kompyuta. Kikikosa netiweki porini, kinatunza taarifa, kikiipata kinamwaga zote. Umbea wa aina hiyo hata mtaani kwetu Manzese haupo.

Nikafika kaburi limeshafukiwa. Hilo tuliache.

Kijiji chetu kiko ndani, ukishaipita Laela unaiacha lami. Nguzo za umeme zimefika senta, kwa babu bado. Mzee alikuwa na mtambo wake wa sola wa kulipia kidogo kidogo: paneli juu ya bati, ndani kisanduku, taa nne, redio, na waya wa kuchajia simu. Alikuwa anajisifu nao kuliko ng'ombe.

Usiku wa pili wa matanga, wanaume tuko nje tumeuzunguka moto, baridi la mwezi wa saba linakugonga mpaka kwenye fizi. Akina mama wako ndani wanaimba. Kama saa tatu hivi, taa zote zikazima kwa pamoja. Pa! Wimbo ukakatika katikati. Halafu kikaja kile kimya ambacho, kama kwenu ni Ufipa, unakijua maana yake.

Mmoja akasema mzee kazima mwenyewe, hajapenda kitu. Mwingine akasema hapana, kuna mtu. Na "kuna mtu" ikishatamkwa, lazima apatikane. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kama ya mtu yeyote aliyepikia kuni miaka 60. Alikuwa amekaa karibu na kile kisanduku, maskini, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nikasikia vijana wa rika langu, tena mmoja ana simu kali kuliko yangu, wanaulizana kwa sauti ya chini kwa nini amekaa pale. Msomaji wangu, mambo ya namna hiyo huku kwetu Tanzania yameshaua vikongwe wengi, siyo utani wa ungo tena.

Nikaingia na tochi. Kwenye kisanduku kitaa chekundu kinakonyeza. Nikamuuliza baba mdogo, "Mara ya mwisho babu alilipia lini?" Akahesabu vidole. Babu alilipia siku saba, akaugua, akafa, akazikwa, na siku zikaendelea kuhesabiwa. Usiku ule ndio zilikwisha.

Ikabidi nigeuke mwalimu pale pale gizani. Nikawaambia: humu ndani mna laini. Babu akilipa kwa simu, pesa inaripotiwa kwenye kompyuta ya kampuni. Kompyuta inakitumia kisanduku ujumbe: fungua siku saba. Kisanduku kinafungua na kujibu kwamba kimefungua, tena kinaongezea na hali ya betri. Hayo mazungumzo hayapiti kwa mtu. Siku zikikwisha kinafunga, hakiangalii kuna harusi au kilio. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo hawajamwambia kwamba amefariki?" Wengine wakaguna. Mimi naona hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo usiku ule.

Wewe wa mjini unaweza kucheka, lakini LUKU yako hata hayo haiwezi. Mita nyingi za LUKU ni viziwi, hazina laini. Kompyuta inatoa namba 20, na mpeleka ujumbe ni wewe na kidole chako. Ndiyo maana mwaka 2024 tulihangaishwa wote kuingiza mafungu matatu ya namba: mita za aina hiyo duniani kote zinahesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu yao ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ingekuwa zinasikia, zingeambiwa kimyakimya sisi tumelala.

Hivi visanduku vya laini vilikuja na pesa za kwenye simu. M-KOPA walianza kuviuza Kenya mwaka 2012, wakitegemea M-Pesa. Baadaye Mobisol ya Ujerumani ikaleta mitambo yake kwetu, malipo ya miezi 36 na modemu ndani, hadi ilipofilisika mwaka 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Cha babu kilikuwa cha nani sisemi, nisije nikagombana na watu.

Turudi gizani. Simu ya babu ilikuwepo, lakini namba ya siri alikwenda nayo. Bahati nzuri mtu yeyote anaweza kulipia, ilimradi awe na namba ya akaunti, na mzee alikuwa ameiandika kwa mkaa ukutani. Nikapanda kichuguu nyuma ya zizi, ndipo netiweki inaposoma vijiti viwili, vidole vimekufa ganzi, nikatuma mshiko wa wiki nzima. Sekunde chache baadaye ikalia simu ya babu, mfukoni mwa baba mdogo. Ujumbe unamtaja marehemu kwa jina lake kamili na kumshukuru kwa malipo yake. Baba mdogo almanusura aitupe kwenye moto.

Taa hazikuwaka. Kijiji kiko bondeni, na kisanduku nacho kinaitafuta netiweki ile ile ninayoitafuta mimi, tena chenyewe hakiwezi kupanda kichuguu. Tukangoja. Dakika 20 ni nyingi sana ukiwa umeshawaambia watu kwamba siyo uchawi. Zilipowaka, wakapiga yowe kuliko zilipozima. Nikamtafuta yule bibi kwa macho. Alikuwa ameshaondoka, peke yake, bila tochi.

Asubuhi nikaenda kwake na sukari kilo moja. Hatukuongelea taa. Akaniuliza Dar kuna baridi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja ili akaunti iwekwe jina la bibi yangu. Dada wa watu akaniambia kwa upole aongee kwanza na mwenye akaunti. Nikamwambia mwenye akaunti yuko nyuma ya nyumba, chini ya msalaba. Akasema poleni, mlete barua ya serikali ya kijiji. Barua tunaifuatilia mpaka leo.

Kwa hiyo kila Ijumaa nalipia mimi kutoka hapa Dar, na shukrani zinakwenda kwa babu. Simu yake anayo bibi, anaichaji kwenye kisanduku hicho hicho. Kusoma hajui, ila ikitetemeka Ijumaa jioni ananibipu mara moja, anakata.