Urafiki Usivunjwe na Malezi
Urafiki kati ya wazazi wa watoto wadogo na wenzao wasio na watoto hudhoofishwa zaidi na mgawanyo wa muda, yaani namna saa za siku zinavyogawiwa kati ya kazi, malezi na mapumziko, kuliko upungufu wa mapenzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3 tu. Likizo ikishakwisha, jioni iliyokuwa ya mazungumzo huwa ya kuogesha, kulisha na kulaza mtoto. Desturi ya arobaini, yaani siku 40 ambazo mzazi wa Pwani hutunzwa ndani baada ya kujifungua, huonyesha njia bora ya kuudumisha urafiki huo, kwa kuwa rafiki huingia hadi chumbani na kumpakata mtoto ili mama aoge na anywe uji wake ungali moto. Mzazi naye hana budi kusikiliza habari za mwenzake kwa makini, kwani wapo wanaotamani watoto lakini hawajajaliwa, na swali la "na wewe lini?" huwaumiza hata wakaacha kubisha hodi.