Ndoa ya Mwalimu na Barua ya Uhamisho

Mwaka wa 1993, nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya msingi huko Kitui, mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni kielelezo cha barua ya kirafiki. Ilikuwa barua ya mume kwa mkewe. Mume aliuliza kama makuti ya paa la jiko yalikwisha kubadilishwa kabla ya masika, kama mtoto mdogo alikuwa amepona kikohozi, na kama yule mbuzi wa jirani angali anaingia katika shamba la mihogo. Sisi tuliinakili madaftarini na kuikariri, ingawa nusu ya darasa haikujua makuti ni kitu gani, kwa maana kwetu minazi haioti. Mwaka uliofuata, wengi wetu tulimfufua yule mbuzi katika insha zetu.

Desemba iliyopita nilikwenda kumwamkia mwalimu huyo nyumbani kwake Rabai. Alistaafu mwaka wa 2012, alipotimiza miaka 60. Baada ya shikamoo na chai, nilimkumbusha barua ile ya ubaoni, nikamsifu kwa ustadi wa kubuni mambo madogo yanayofanana na kweli. Mwalimu alicheka kidogo, kisha akamtazama mkewe.

"Sikubuni, mwanangu," akasema. "Usiku ule nilikuwa nimeiandika, na asubuhi sikuwa na somo jingine kichwani. Niliwapa nyinyi kwanza, halafu nikaitia katika bahasha."

"Nayo ilifika baada ya majuma mawili," Mama akadakia. "Makuti yenyewe yalikuwa yamekwisha kuoza."

Sikuwahi kufikiri, msomaji mpendwa, kwamba mwalimu wangu alikuwa na jiko linalovuja mahali fulani. Mtoto wa miaka kumi na mitatu humwona mwalimu kama sehemu ya jengo la shule, sawa na kengele au mlingoti wa bendera. Huyu alitokea Pwani kwa basi la usiku, akatufundisha ngeli na methali, na likizo zilipofika akatoweka. Tulipenda kumcheka kwa jinsi alivyokula muthokoi kwa uso wa mtu anywaye dawa.

Hesabu ya maisha yake ni hii. Alioa mwaka wa 1978. Januari 1987 alipokea barua ya uhamisho, naye akarudi kwao mwisho wa mwaka wa 1997. Hiyo ni miezi 132. Akitoa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, miezi aliyolala mbali na nyumbani ni 99. Hakuikadiria, anaijua kama tujuavyo tarehe za kuzaliwa. Watoto wao wanne walizaliwa, wawili kati yao yeye akiwa Kitui, na kitinda mimba alimkuta akiwa tayari amejifunza kukaa.

Mimi kazi yangu ni isimu, na ni tabia mbaya ya watu wa fani yangu kusikiliza maneno pale ambapo wengine wangesikiliza uchungu. Kiswahili, kama wanafunzi wajuavyo, humpa mwanamume kitenzi cha kutenda, akaoa, na mwanamke humpa cha kutendwa, akaolewa. Kikamba, lugha ya mama yangu, hakina nafuu: mwanamume hutwaa, mwanamke hutwawa, na neno lenyewe ni lilelile ambalo Kiswahili hulitumia kwa kuchukua kitu. Katika madarasa yangu hatukosi kubishana kuhusu jambo hili. Lakini Mama hakutumia kauli yoyote kati ya hizo mbili. Alisema, "Sisi tulioana mara mbili. Mara ya kwanza kanisani, mara ya pili alipostaafu. Mwaka ule wa kwanza wa kustaafu sikujua anakunywa chai na sukari vijiko vingapi. Nilimwandalia kama mgeni." Nimefundisha kauli ya kutendana kwa miaka mingi, wala sijapata mfano uliotimia kama huo.

Tangu hapo wamejiwekea desturi. Mara moja kwa mwezi, pensheni ikiruhusu, hutoka pamoja. Hupanda matatu hadi Mazeras, kisha Mombasa, wakaenda watakako. Wamekwisha kwenda Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa wenzake kwa miaka mingi bila kuwapeleka wake hata siku moja. Wamekwenda magofu ya Gedi, ambako Mama alichoshwa na historia akakaa chini ya mti kuwatazama nyani. Matembezi yao makubwa kuliko yote, hata hivyo, hayana historia yoyote. Hushuka Likoni, wakaingia katika feri pamoja na umati, wakavuka, wasishuke mbali, wakapanda feri nyingine wakarudi. Mpita kwa miguu halipi kitu. Kisha hutembea hadi Mama Ngina, wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakaketi wakizitazama meli. Nilipouliza kivuko kina nini cha kutazamwa mara zote hizo, Mwalimu alijibu kwamba hakuna kitu. Ni kwamba wanavuka wote wawili.

Siku ya pili walinichukua nami. Mwalimu alitaka kunionyesha jambo analodhani mtu wa lugha lazima alione, nalo ni kaburi lililo Nyali la Bi Rosine, mke wa Krapf. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanamjua Ludwig Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Watu wa Rabai wanamjua kwa misheni aliyoianzisha huko pamoja na Rebmann mwaka wa 1846. Sisi wa Kitui twamjua kwa kuwa aliuona Mlima Kenya kutoka kwetu mwaka wa 1849, na Mwalimu alizoea kutuambia darasani kwamba yeye ni mtu wa pili kutoka Rabai kuja kutazama mlima huo. Mkewe hatajwi sana. Alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, na siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike ambaye naye hakuishi. Nakiri kwamba mimi humtaja Krapf kila mwaka katika mihadhara yangu na sijawahi kulitamka jina la mwanamke huyu.

Mama alisimama kimya, halafu akasema, "Huyu naye alifuata kazi ya mumewe." Mwalimu hakujibu. Aliinama akaanza kung'oa majani yaliyokuwa yameota pembeni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Nayaandika haya kwa sababu mjadala wa uhamisho wa walimu haujazikwa. Mnamo 2018 walimu wakuu wengi walipelekwa mbali na kaunti walikozaliwa, kwa hoja ya kuimarisha usimamizi na umoja wa taifa. Malalamiko yakazidi, na mwaka wa 2022 yakafika Bungeni. Baada ya hapo baadhi ya walimu wakaanza kurejeshwa karibu na makwao. Kila mara jambo hili linapozuka, pande mbili hupiga kelele. Upande mmoja husema mwalimu ni mtumishi wa taifa zima. Upande wa pili hukimbilia Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba familia ndiyo msingi wa jamii.

Mimi nimekwama katikati, na sioni haya kusema hivyo. Kama mwalimu wangu hangehamishwa, pengine ningesomeshwa Kiswahili na mtu aliyekijua kwa shida kama nilivyokijua mimi, nisingekipenda, na leo nisingekuwa na shahada ya uzamifu ya kutundika ukutani. Kila nikijua tofauti ya "makuti" na "majani", najua kwa gharama ya paa la Mama. Wale wanaodai kila mwalimu afundishe kijijini kwao wangetunyima mengi, na sitaungana nao. Lakini hoja ya umoja wa taifa imetumiwa mno na watu ambao hawakuwahi kuulizwa nani atakayemshika mtoto akiugua usiku. Mwalimu kijana akipelekwa mbali kwa miaka mitatu, akaambiwa mapema siku ya kurudi, hiyo ni safari, na ina faida. Akipelekwa bila muhula, akaandika maombi ya kurejea mwaka baada ya mwaka, kama alivyofanya mwalimu wangu mara tisa, hayo ni mambo mengine. Uhamisho uwe na ukomo unaoandikwa katika barua ileile inayompeleka. Mke na mume wakiwa wote walimu wapelekwe pamoja. Na anayekwenda asikodishiwe godoro katika chumba cha bohari, bali apewe nyumba ambamo mkewe au mumewe anaweza kumtembelea.

Hilo la mwisho si la kubuni. Wakati wa kuagana nilimuuliza Mama aliipendaje Kitui. Alinitazama kwa mshangao. Hakuwahi kufika. Katika miaka 11 hiyo, nauli ya watu wazima wawili na watoto haikupatikana, na hata ingepatikana, mumewe alilala katika chumba kimoja na mwalimu mwenziwe wa hesabu.

"Basi njooni," nikasema. "Aprili, shule zikifungwa."

Wamekubali. Nimemwandikia mwalimu mkuu wa sasa, naye amenijibu kwamba chumba kile bado kipo, huwekwa madawati yaliyovunjika, na kwamba atayaondoa. Mama ameomba jambo moja tu: asubuhi isiyo na mawingu, ili auone mlima ambao mumewe aliwaandikia habari zake mara nyingi mno kuliko alivyouliza hali ya mihogo.