Mikongo ni mingi Mombasa, lakini njia ni zile zile

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, watumiaji wengi wa intaneti katika Afrika Mashariki walijipata wakizima na kuwasha simu zao bila mafanikio. Kurasa zilichukua dakika kadhaa kufunguka, video zilikwama, na waliokuwa wakituma kazi kwa wateja wa ng'ambo wakabaki kutazama skrini. Mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika kwa wakati mmoja chini ya bahari, kaskazini mwa jiji la Durban, Afrika Kusini.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoathirika vibaya zaidi. Hapa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ilitoa taarifa kuwa mkongo wa TEAMS haukuguswa na kwamba ulikuwa ukitumika huku njia mbadala za kuelekea kusini zikifunguliwa. Hata hivyo, kwa siku kadhaa kasi ya mtandao ilisalia kuwa ya kinyonga katika sehemu nyingi za nchi.

Yapo maelezo mepesi, kwamba nyaya zilikatika kisha zikatengenezwa. Maelezo hayo hayatoshi. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye mikongo mingi zaidi katika pwani hii. TEAMS na Seacom zilifika mwaka 2009, EASSy ikaanza kazi mwaka 2010, LION2 ikafuata mwaka 2012, DARE1 mwaka 2021 na PEACE mwaka 2022. Mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita zipatazo 45,000 na unaoongozwa na kampuni ya Meta pamoja na washirika wake, nao umeiweka Mombasa katika orodha ya vituo vyake. Iweje basi nchi yenye utajiri huo iyumbishwe na ajali iliyotokea takriban kilomita 3,000 kutoka Nyali?

Jibu linapatikana katika tukio la miezi mitatu kabla ya hapo, ambalo Wakenya wengi hawakulihusisha na simu zao. Mnamo Februari 18, 2024, waasi wa Houthi wa Yemen waliishambulia kwa kombora meli ya mizigo ya Rubymar karibu na mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb. Mabaharia waliihama meli hiyo, nayo ikaachwa ikielea huku nanga yake ikikokoteka sakafuni. Siku chache baadaye mikongo mitatu ilikatika katika Bahari ya Shamu, na mmoja wao ulikuwa Seacom. Maafisa wa Marekani walisema nanga hiyo ndiyo iliyoelekea kusababisha uharibifu. Rubymar ilizama mapema mwezi Machi.

Kwa kawaida, mawasiliano mengi kati ya Kenya na Ulaya hupitia kaskazini, katika Bahari ya Shamu hadi Misri. Njia hiyo ilipoharibika, kampuni zililazimika kuelekeza sehemu kubwa ya mawasiliano yao kusini, yazunguke Afrika Kusini na kupanda kupitia pwani ya magharibi. Ukarabati wa kaskazini haukuwezekana upesi. Meli ya kutengeneza nyaya haiwezi kusimama siku kadhaa mahali makombora yanaporuka, na Yemen ina serikali mbili zinazopingana kuhusu nani mwenye mamlaka ya kutoa kibali. Kwa hiyo Mei ilipofika, mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa nusu. Ajali ya Durban ikaugonga ule wa kusini.

La kustaajabisha ni kwamba kisa hiki si kipya. Mnamo Februari 2012, mikongo kadhaa ikiwemo EASSy ilikatika katika Bahari ya Shamu, na mawasiliano yakahamishiwa kwa wingi kwenye TEAMS. Siku chache tu baadaye, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia katika bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipopigwa marufuku na kuukata TEAMS wenyewe. Miaka 12 ilipita, mikongo ikaongezeka maradufu, na somo lile lile likarudi kwa nguvu zile zile.

Inafaa kuelewa kitu chenyewe kinachozungumziwa. Mkongo wa baharini, katika kina kirefu, haupiti sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga. Duniani kote huripotiwa hitilafu kati ya 150 na 200 za mikongo kila mwaka, na zaidi ya thuluthi mbili ya hizo husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga za meli. Papa, ambao husingiziwa sana, hawana hatia kubwa katika jambo hili.

Mkongo ukikatika, mafundi walio nchi kavu hutuma mwanga ndani ya uzi na kupima muda unaochukua kurudi, wakajua umbali wa mahali palipokatika. Kisha meli maalumu husafiri hadi hapo, hushusha kulabu, huinua ncha moja, halafu ya pili, na kuziunga uzi kwa uzi kwa kipande kipya. Kazi yenyewe ni ya siku chache. Kinachokula muda ni kungojea meli, vibali na bahari itulie. Kwa upande huu wa Afrika tegemeo kubwa limekuwa meli moja ya Kifaransa, Léon Thévenin, ambayo makao yake ni Cape Town na ambayo imekuwa baharini tangu mwaka 1983. Machi 2024 ilihitajika Afrika Magharibi, ambako mikongo minne ilikatika karibu na Abidjan. Miezi miwili baadaye ikahitajika upande wetu.

Hapa ndipo hesabu ya mikongo inapopotosha. Serikali hupenda kutangaza idadi, na hafla za kupokea mkongo ufukweni huvutia wapigapicha. TEAMS ulipofika Mombasa mnamo Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alikwenda kuupokea mwenyewe, na haki alikuwa nayo. Kabla ya hapo taifa lilitegemea setilaiti, kwa gharama ya maelfu ya dola kwa mwezi kwa kiasi cha mawasiliano ambacho leo mwanafunzi mmoja hukitumia kwa simu. Lakini mikongo saba inayopita katika mlango mmoja wa bahari si njia saba. Na yote ikitua Mombasa, kisha ikafuata ushoroba ule ule wa barabara na reli hadi Nairobi, tingatinga la mkandarasi laweza kufanya kilichofanywa na nanga ya Rubymar. Uganda na Rwanda, ambazo hazina bahari, hupata sehemu kubwa ya mawasiliano yao kupitia ushoroba huo, na kwa hivyo kila uzembe wa huku hulipiwa Kampala na Kigali.

Udhaifu huu wa kubanana katika mlango mmoja haupo kwenye nyaya pekee. Mwishoni mwa Juni 2023, serikali ilizindua maelfu ya huduma zake katika jukwaa la eCitizen. Kabla ya mwezi mmoja kwisha, kundi lililojiita Anonymous Sudan lililemea jukwaa hilo kwa maombi bandia hadi likazidiwa. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo wageni walilazimika kupewa viza wakiwasili kwa kuwa mfumo wa viza mtandaoni haukufanya kazi. Mwaka uliofuata, Julai 19, 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye kasoro kwa wateja wake wote kwa mpigo, bila kuijaribu kwanza kwa wachache. Tarakilishi zipatazo milioni 8.5 zilizima na kukataa kuwaka, na nyingi zilihitaji fundi azifikie moja baada ya nyingine. Nyaya zilikuwa nzima siku hiyo. Kilichokosekana ni uangalifu wa kuachia programu kidogo kidogo.

Upo upande mmoja ambao Kenya iliona mbali, ingawa nusura iuangamize. Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni za intaneti nchini zilianzisha kituo cha KIXP jijini Nairobi ili barua pepe kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili isilazimike kupitia Ulaya au Marekani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika kuwa haki yake imeingiliwa, na Tume ya Mawasiliano ya wakati huo (CCK) ikaamuru kituo kifungwe baada ya majuma machache. Kilirejea Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Utafiti wa shirika la Internet Society ulionyesha baadaye kuwa sehemu ya mawasiliano yanayomalizikia humu humu nchini ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70 mwaka 2020. Kisanduku hicho cha mitambo hakikupata hafla ya kukifaa. Lakini Mei 2024 ndicho, pamoja na nakala za video na kurasa zinazohifadhiwa katika seva za Nairobi na Mombasa, kilichoifanya Kenya ipepesuke bila kuanguka.

Ndiyo maana swali linalopaswa kuulizwa Bungeni na katika CA si mikongo mingapi zaidi, bali itapita wapi na nini kitahifadhiwa nyumbani. Hospitali, kaunti na vyuo ambavyo mifumo yao imewekwa katika seva za Ulaya hukatika na wateja wao wa Nakuru kila Bahari ya Shamu inapochafuka, hata kama mgonjwa na daktari wako chumba kimoja. Kampuni ya simu inayonunua nafasi katika mikongo miwili inayofuata sakafu moja ya bahari hutangaza kuwa ina njia mbadala, na hakuna anayeilazimisha kuonyesha ramani.

Siku 11 baada ya ajali ya Durban, Google ilitangaza mradi wa Umoja, mkongo utakaoanzia Kenya na kupita nchi kavu katika Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha uvuke Bahari ya Hindi hadi Australia. Njia hiyo inakwepa Bab el-Mandeb. Katika safari ya kwenda Afrika Kusini, inakwepa pia bahari ya kaskazini mwa Durban. Badala yake itavuka mipaka sita, mashariki mwa Congo kukiwa vitani, na kila serikali njiani ikiwa na leseni zake, ada zake na wakandarasi wake wa barabara.